Mtoto akikutwa na kisu shuleni: kumfukuza, kumpima au kumpokea? Ulinganisho kwa shule za Goma

Katika kanuni za ndani za shule zetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna mstari unaosema ni marufuku kuleta silaha. Mstari huo hauleti ugomvi katika mkutano wa wazazi. Ugomvi huanza kwenye mstari wa pili: aliyekutwa nayo afanywe nini? Mzazi mmoja anataka afukuzwe siku hiyo hiyo. Mwingine anauliza kama mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeokota risasi njiani Ndosho anastahili adhabu ile ile ya kijana aliyenoa kisu akimvizia mwenzake. Wa tatu anasema la kwanza ni kile chuma kitoke mfukoni, mengine yatazungumzwa baadaye.

Wote watatu wana hoja. Ninawaandikia maprefe, yaani wakuu wa sekondari, madirekta wa shule za msingi, walimu na komite za wazazi wanaopaswa kuchagua kabla mwaka wa masomo haujaanza. Kanuni inayotungwa siku silaha imeshaonekana hutungwa kwa hofu, au kwa kuangalia kwanza mtoto ni wa nani.

Na kwetu jambo hili halingoji. Mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, askari wengi waliacha bunduki, risasi na sare barabarani, na mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki viwanjani na kandokando ya njia ambazo watoto hupita kila asubuhi. Ukiongeza visu na mapanga yaliyokuwepo tangu zamani, hakuna shule inayoweza kusema haihusiki.

Kwanza shule itaje vitu vyenyewe

Orodha isipotolewa, kila mwalimu atajitungia yake. Watoto wa shule ya msingi wanachonga kalamu kwa wembe. Kompasi ya hesabu ina ncha inayoweza kutoboa jicho. Msichana anayesomea ushoni ana mkasi mrefu kuliko kisu cha jikoni. Tena shule zenyewe huagiza panga na jembe siku ya kazi ya mikono: anayeleta panga siku hiyo ametii, anayelileta kesho yake amevunja kanuni, na panga ni lile lile.

Uingereza, ambako kuingia na kisu katika eneo la shule ni kosa la jinai tangu mageuzi ya sheria ya 1996, sheria hiyo hiyo inakiacha nje kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Inampa pia mshtakiwa nafasi ya kuonyesha kwamba alikibeba kwa kazi, kwa masomo au kwa sababu za dini. Ukali na ufafanuzi vinaweza kukaa katika karatasi moja.

Mimi ningegawa vitu hivi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni silaha za vita na mabaki yake: bunduki, bastola, grenadi, risasi, bomu lisilolipuka. La pili ni vitu vya kujeruhi vilivyobebwa bila kazi yoyote ya shule: kisu, panga, mnyororo, chupa iliyovunjwa, bisibisi iliyonolewa. La tatu ni vyombo vya kazi, kama wembe, mkasi, kompasi na jembe. Hivi vya mwisho havihesabiwi kuwa silaha mpaka mtu atishie au aumize kwavyo, na dawa yake haina gharama kubwa. Kila darasa liwe na vichongeo vyake, na mapanga ya siku ya kazi yapokelewe mlangoni asubuhi, yahesabiwe, yafungiwe, yarudishwe wakati wa kutoka.

Vipimo vitano

Nitazipima njia tatu kwa maswali yale yale. Silaha yenyewe: inatoka mikononi mwa watoto upesi na kwa usalama? Ulimi wa watoto: aliyeiona kwa mwenzake atasema? Haki: umri, kusudi na cheo cha mzazi vinashughulikiwaje? Mzigo: shule ina watu, muda na pesa za kuifuata kanuni hiyo? Kesho ya mtoto: baada ya uamuzi anakwenda wapi?

Kipimo cha pili ndicho ninachokipa uzito zaidi, na sitakificha. Mwaka 2002 Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, na wizara ya elimu ya nchi hiyo walichapisha uchunguzi wa mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni kati ya 1974 na 2000. Katika matukio kama 8 kati ya 10, kulikuwa na mtu aliyejua mpango kabla, na mara nyingi alikuwa kijana mwenzake. Marekani si Goma, lakini hata hapa mwenye kuketi dawati moja na mtoto hujua kilichomo mfukoni mwake kabla ya mwalimu. Kanuni inayomfunga huyo mdomo inaiacha shule gizani, hata iwe kali namna gani.

Njia ya kwanza: kufukuza moja kwa moja

Aliyekutwa na silaha anapewa ranvwa ya kudumu, yaani anafukuzwa asirudi. Hakuna kikao, hakuna kuombewa. Wanaoitetea hutaja Marekani, ambako sheria ya 1994 inayoitwa Gun-Free Schools Act ilifunga misaada ya serikali kuu kwa sharti kwamba kila jimbo liwe na sheria ya kumwondoa shuleni, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, mwanafunzi aliyeleta bunduki. Ni kweli. Lakini isomwe yote. Inasema mwaka mmoja, haisemi milele. Ilihusu bunduki na vilipuzi, haikugusa wembe. Na inampa msimamizi mkuu wa shule za eneo uwezo wa kubadili adhabu kwa kuangalia kesi moja moja. Ni shule na wilaya zilizoipanua baadaye hadi kwenye visu vidogo na vitu vya kuchezea. Mwaka 2006 jopo la chama cha wanasaikolojia cha Marekani lilipitia tafiti za kanuni za namna hii, na halikupata ushahidi kwamba zilizifanya shule kuwa salama zaidi.

*Silaha yenyewe.* Iliyoonekana inaondoka pamoja na mwenyewe. Ambayo haijaonekana inafichwa zaidi: nyuma ya ukuta wa mawe ya lava, katika mkoba wa rafiki, ndani ya choo. Kwa kisu hilo ni baya. Kwa grenadi ni kifo, kwa sababu mtoto anayeogopa kufukuzwa ataishika na kuitupa popote ili asikutwe nayo.

*Ulimi wa watoto.* Hapa ndipo njia hii inaposhindwa kabisa. Anayejua kwamba neno lake litamkatia rafiki masomo na kupoteza minervali, karo iliyolipwa kwa taabu, atanyamaza.

*Haki.* Ina sifa moja kubwa ambayo wapinzani wake huipita haraka. Kwenye karatasi, mtoto wa promota, yaani mwenye shule, na mtoto wa mama anayeuza makala Birere wanapata adhabu moja. Katika mji ambapo simu ya mkubwa fulani inaweza kugeuza uamuzi wa prefe, usawa huo si jambo dogo, na mzazi maskini anayeutaka haukosei. Ila njia hii haioni umri. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na bure katika shule za serikali. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kubebeshwa jukumu la jinai, na aliyetimiza 14 lakini hajafika 18 anapelekwa mbele ya jaji wa watoto. Shule inayomtupa nje kwa kudumu mtoto wa darasa la nne inamhukumu kwa ukali ambao hata mahakama haina.

*Mzigo.* Mwepesi kuliko zote. Barua moja, sahihi moja.

*Kesho ya mtoto.* Kupata nafasi shule nyingine katikati ya mwaka ni shida, na kwa aliyeko mwaka wa mwisho, ambaye jina lake limeshatumwa kwa ajili ya mtihani wa serikali, mara nyingi maana yake ni mwaka kupotea. Kisha kuna jambo la Goma na maeneo yanayoizunguka ambalo halimo katika vitabu vya Wamarekani. Kijana wa miaka 16 anayekaa kibarazani mchana kutwa bila shule, akiwa na hasira na aibu, ndiye hasa anayetafutwa na wanaoandikisha watoto katika makundi ya silaha. Tukimfukuza kwa sababu ya kisu, tusishangae akirudi mtaani na bunduki.

*Inamfaa nani.* Shule kubwa ya sekondari yenye wasimamizi wachache, ambako kila kikao huishia kwenye upendeleo, na ambako kumeshakuwa na majeruhi. Hata huko ningeifunga kwenye kesi za kusudi tu: bunduki au grenadi iliyoletwa makusudi kwa kutisha, au kisu kilichotolewa dhidi ya mtu.

Njia ya pili: baraza la nidhamu lipime kila kesi

Mtoto anabaki nyumbani siku chache kama tahadhari. Baraza linakaa: prefe, direkta wa nidhamu, mwalimu wa darasa, mtu wa komite ya wazazi. Linamsikiliza yeye na mzazi wake, kisha linachagua adhabu katika ngazi, kuanzia kupunguziwa pointi za kondwite (tabia) kwenye buletini ya matokeo, kusimamishwa, hadi ranvwa.

*Silaha yenyewe.* Inategemea aliyeikamata. Baraza linaadhibu, halikusanyi. Shule nyingi zinazofuata njia hii husahau kuandika nani anachukua kisu, kinawekwa wapi na kinaishia wapi. Halafu kinarudishiwa mzazi mlangoni.

*Ulimi wa watoto.* Unafunguka kidogo kidogo, kwa kadiri watoto wanavyoona kesi za nyuma zilivyokwisha. Baraza lililowahi kumsikiliza mtoto kwa utulivu linajulikana shule nzima ndani ya wiki, na lililowahi kununuliwa linajulikana siku ile ile.

*Haki.* Njia hii inaweza kuwa na haki kuliko zote, na inaweza kuwa chafu kuliko zote. Inaweza kutofautisha aliyeokota na aliyenunua, aliyetishwa na aliyetisha. Inaweza pia kupima uzito wa bahasha. Na sisi tuna hatari nyingine ambayo lazima isemwe wazi: katika mji uliojeruhiwa kama wetu, kesi ya watoto wawili na kisu kimoja inaweza kugeuzwa kesi ya kabila kabla kikao hakijafunguliwa. Baraza lenye watu wa upande mmoja tu haliaminiwi hata likiamua vizuri.

Afrika Kusini wameshughulikia tatizo hili kwa namna ninayoipenda. Kwa sheria yao ya shule ya 1996, shule ya umma haimalizi yenyewe jambo la kumfukuza mtoto. Baraza la shule husikiliza na kupendekeza, mkuu wa idara ya elimu ya mkoa ndiye anayeamua, na mzazi ana haki ya kukata rufaa. Anayeshtaki si yule yule anayekata shauri. Kwetu, shule za mkataba, yaani za serikali zinazosimamiwa na madhehebu, zina ofisi za uratibu, za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kiislamu na za Kikimbangu. Hakuna kinachozuia kanuni kusema kwamba kila ranvwa ya kudumu ithibitishwe na ofisi hiyo, au na ofisi ya elimu ya eneo kwa shule za serikali, kabla haijaanza kazi. Jambo hilo moja linamkinga mtoto, na linamkinga prefe pia dhidi ya simu za wakubwa, maana anaweza kusema kweli kwamba uamuzi hauko mkononi mwake peke yake.

Pamoja na hilo, baraza lijibu kwa maandishi maswali yale yale kwa kila mtoto: ni kitu gani, ana umri gani, alikileta kwa nini, je, alimtishia au kumuumiza mtu? Mwenye undugu na mtoto atoke chumbani. Kikao kisivuke siku saba, kwa sababu mtoto aliyesimamishwa bila tarehe amefukuzwa kimyakimya.

*Mzigo.* Mzito. Tangu elimu ya msingi iwe bure mnamo Septemba 2019 madarasa yamefurika, na mwalimu anayefundisha zamu ya asubuhi na ya mchana hana saa ya ziada ya kuandika mihtasari ya vikao. Shule isiyoweza kukusanya watu wanne ndani ya wiki moja isijidanganye kwamba ina baraza.

*Kesho ya mtoto.* Anayo, mara nyingi. Hiyo ndiyo faida yake kuu juu ya njia ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Sekondari ya ukubwa wa kati yenye direkta wa nidhamu anayeheshimiwa, komite ya wazazi iliyo hai yenye watu wa pande zote za mtaa, na ofisi ya juu inayojibu barua.

Njia ya tatu: kupokea kwanza, kuuliza baadaye

Kanuni inasema hivi: mtoto anayekabidhi silaha, au anayetoa habari zake kabla hajakutwa nayo, haadhibiwi. Anaikabidhi kwa mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina mbele ya wanafunzi wote. Kisha mzazi anaitwa na mtoto anafuatiliwa kwa wiki kadhaa. Aliyekutwa ameficha anaingia kwenye njia ya pili, na aliyemshambulia mtu hana kinga yoyote.

*Silaha yenyewe.* Kwa visu na mapanga, hii ndiyo inayotoa vyuma vingi mfukoni. Kwa silaha za vita inaweza kuua, ikiandikwa vibaya. Mtoto akisikia "leta, hutaadhibiwa," atakwenda kuokota kitu kwenye majani nyuma ya kambi ya zamani Mugunga ili asifiwe. Kwa hiyo kwa kundi la kwanza neno liwe "njoo useme," lisiwe kamwe "leta." Usiguse, usisogeze, rudi ulikotoka, mwambie mtu mzima. Na ikiwa kitu kimeshafika ndani ya mkoba, mkoba ubaki pale ulipo. Watoto watolewe polepole, kwa kupitia upande wa mbali nao, na waitwe wataalamu wa kutegua mabomu. Kisipelekwe ofisini kwa prefe, kisitupwe chooni wala ziwani. Maneno haya yafundishwe mara kwa mara, hasa kwa wadogo, kwa sababu ndio wanaovutwa na kitu kinachong'aa.

Bunduki pia haiwezi kulala kabatini kwa prefe. Chini ya amri-sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi, mtu asiye na kibali hana ruhusa ya kuwa nayo, na nia njema haibadili hilo. Shule ikubaliane mapema, kwa maandishi, nani ataitwa. Katika hali ya Goma ya sasa makubaliano hayo yanahitaji busara: tafuta kwanza njia ya mashirika ya ulinzi wa mtoto, ili asije mtu mwenye bunduki kumchukua mwanafunzi mbele ya darasa.

*Ulimi wa watoto.* Hakuna njia inayoufungua zaidi. Msichana anayemwona kaka wa darasa la juu na kisu anaweza kusema akijua kwamba hamuangamizi. Ila siri yake ilindwe kwa ukali. Jina la aliyesema likivuja mara moja tu, njia nzima imekufa.

*Haki.* Inamwangalia mtoto na sababu yake, na sababu hizo mara nyingi zinauma. Zamu ya mchana inatoka jua likikaribia kuzama, na kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Msichana anayetembea kutoka katikati ya mji hadi Kyeshero au Mugunga akiwa na kisu kidogo katika soksi hakukibeba ili apigane shuleni, alikibeba kwa sababu ya njia. Tukikichukua kisu chake na kumwacha na njia ile ile, tumemnyang'anya kinga yake ya pekee na kuita jambo hilo usalama. Shule inayochagua kupokea lazima itoe kitu: zamu ya mchana ianze mapema na kutoka mapema, watoto wa mtaa mmoja watembee kwa kundi, wazazi wapokezane kusimama kwenye kona zenye sifa mbaya. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona makaratasi mazuri ya "shule bila silaha" ambayo hayasemi neno hata moja kuhusu barabara.

Upande wa pili wa haki: wapo watakaoichezea. Kijana aliyekamatwa akiingia darasani atasema alikuwa njiani kukabidhi. Basi mpaka uwe wazi. Ukikabidhi kabla hujapita meza ya mlangoni, umekabidhi. Ukikutwa baada ya hapo, umeficha.

*Mzigo.* Hauli pesa nyingi, unakula moyo wa mtu. Anatakiwa mwalimu mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye watoto wanamkimbilia tayari bila kuagizwa. Kama shule haina mtu huyo, cheo hakitamtengeneza.

*Kesho ya mtoto.* Anabaki darasani, na pengine hapa ndipo mtoto aliyewahi kuwa na kundi la silaha anapata nafasi ya kweli. Kanuni za Paris za 2007, makubaliano ya kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa na makundi ya silaha, zinataka mtoto wa namna hiyo aonekane kwanza kama mhanga. Sheria yetu ya 2009 inamwadhibu aliyemwandikisha, kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mtoto kama huyo akija na kisu kwa sababu hajui tena kulala wala kutembea bila chuma, kumfukuza ni kumrudisha alikotoka.

*Inamfaa nani.* Shule za msingi zote, bila kusita. Shule za mitaa iliyopokea wakimbizi wengi au iliyo karibu na maeneo ya mapigano ya 2025. Sekondari yenye mwalimu wa kuaminiwa. Haiifai shule ambayo vijana wake wamekwisha kugawanyika magenge yanayowindana. Huko kinga ya anayekabidhi ibaki, lakini isisimame peke yake.

Vipi kuhusu upekuzi mlangoni?

Huu ni msaidizi wa njia yoyote kati ya hizo, hauwezi kusimama badala yake. Afrika Kusini na Uingereza zinaruhusu watu wa shule walioidhinishwa kumpekua mwanafunzi kwa shaka yenye msingi, na masharti yao yanafanana: anayepekua awe wa jinsia moja na mtoto, na awepo shahidi. Afrika Kusini wanataka pia ifanyike faraghani na iandikwe. Kwetu, sentineli (mlinzi) mmoja anayepapasa wasichana mlangoni ni hatari nyingine tunayoiongeza sisi wenyewe, na mzazi yeyote ana haki ya kuikataa. Kupekua kila mtoto kila asubuhi, katika shule yenye lango moja, kunaacha mamia ya watoto wamepanga mstari barabarani. Pekueni kwa shaka, na mikoba kabla ya miili.

Uchague kwa hali yako

Ukiwa direkta wa shule ya msingi, anza na njia ya tatu, tumia nguvu zako zote kwenye mafunzo ya mabomu na risasi, na usiandike popote ranvwa ya kudumu kwa aliye chini ya miaka 14.

Ukiwa na sekondari tulivu ambako visu huonekana mara moja moja, njia ya pili inakutosha, mradi uongeze ile kinga ya anayekabidhi mwenyewe. Bila kinga hiyo baraza lako litasikia habari baada ya damu.

Ukiwa na shule ambako mwanafunzi ameshachomwa kisu, wazazi hawatakubali upole, na wana sababu. Chukua njia ya kwanza kwa shambulio na kwa silaha ya vita iliyoletwa kwa kusudi, iwe na muda uliotajwa, mwaka mmoja kwa mfano, na uthibitisho wa ofisi ya juu. Visu vilivyobebwa tu viende kwenye baraza. Na mtoto anayeondoka akabidhiwe kwa mtu anayejulikana, iwe shule nyingine, kituo cha ufundi au shirika la watoto. Asiachwe mlangoni na barua mkononi.

Shule binafsi ambayo promota wake anapigiwa simu na wakubwa itafaidika na ngazi ya adhabu iliyoandikwa kwa ufupi, ambayo hata promota haruhusiwi kuibadili baada ya tukio.

Kwa shule ya ufundi, ya ushoni, ya kilimo au ya uuguzi, tatizo kubwa ni kundi la tatu. Kabati lenye kufuli, daftari la kutoa na kupokea vyombo, na mwalimu mmoja mwenye ufunguo vitapunguza kesi kuliko adhabu yoyote.

Na kama mwaka umeshaanza, kanuni yenu ni ya kufukuza, na hakuna nguvu ya kuitisha mkutano mkubwa, ongezeni sentensi moja tu: "Mwanafunzi anayekabidhi kisu au chombo kingine cha kujeruhi kabla hajakutwa nacho, au anayetoa habari za silaha yoyote bila kuigusa, hataadhibiwa, na jina lake halitatajwa." Komite ya wazazi itie sahihi. Isomwe katika kila darasa kwa Kiswahili, isibandikwe ukutani kwa Kifaransa peke yake, na kila mtoto aambiwe siku hiyo hiyo jina la mtu wa kumwendea na chumba anachopatikana.